Uje Umefunga

Rajabu 8, Jumapili

Sina desturi ya kuandika mambo yangu. Miaka yote niliyokaa wizarani nilipiga taipu mambo ya watu wengine, nikastaafu, nikanyamaza. Lakini kuna jambo linapikwa humu ndani nami sijaambiwa, na nnaona bora niliandike mwenyewe kabla hawajaniandikia wao.

Leo baada ya chai mwanangu Sinan, mtu ambaye hata kikombe chake hakioshi, amenijia na uso wa upole. Uso huo naujua tangu ana miaka sita.

“Mama, Jumanne nna ruhusa kazini. Nataka nikupeleke ukapime damu.”

“Nnaumwa nini?”

“Huumwi kitu. Kuangalia tu.”

“Kuangalia nini, na mie siumwi?”

Akamtazama mkewe. Mkewe, Khulood, akaitazama simu yake. Basi hapo nikajua ya kuwa limeshazungumzwa na kuamuliwa, mie nimeletewa uamuzi tu.

Nimesema nitakwenda. Ukikataa wanasema mtu mzima kawa mkaidi.

Rajabu 10, Jumanne

Zahanati yenyewe ipo hapa hapa mtaani kwetu Al Khuwair, juu ya duka la miwani. Ya binafsi. Viti vya ngozi, maua ya plastiki, kahawa ya bure. Pahala wanapokupa kahawa ya bure mie hukaa macho.

Daktari anaitwa Loai, kijana mpole, ndevu hazijamkolea. Ameniuliza mara ya mwisho kupima damu ilikuwa lini. Nikamwambia nilipomzaa huyu, nikamwonyesha Sinan na mvi zake. Akacheka. Halafu akanieleza kwa Kiarabu, polepole, kama vile mie nimeshuka uwanja wa ndege jana kutoka Unguja.

“Gari lako, Mama, unalipeleka kwa fundi likishakufa njiani, au kabla?”

“Kabla.”

“Basi ndiyo hii. Tunaangalia wekundu wa damu, sukari, mafuta, figo, ini. Mengi kati ya hayo yakianza kuharibika hayaumi. Mtu anajiona mzima mpaka siku anaanguka. Na yakiwa mazuri pia tunayaandika, ili mwakani tukipima tujue ulikuwa wapi na sasa uko wapi.”

Maneno mazuri. Lakini gari langu mie nalipeleka Ghala, mtaa wa magereji, na sijapata kumwona fundi wa Ghala aliyefungua boneti akasema hakuna kitu. Nimemwambia hivyo hivyo. Sinan akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tumepewa Jumapili asubuhi. Nesi akaniambia mlangoni, “Uje saaima.” Uje umefunga. Hilo angalau ni jambo ninalolijua tangu nna miaka saba, sihitaji kufundishwa na mtu.

Rajabu 12, Alkhamisi

Mvua. Wadi limeteremka, maji ya bondeni yamekata njia, Sinan kachelewa kurudi. Khulood kaniuliza mara mbili kama nimechoka. Sijachoka.

Rajabu 15, Jumapili

Nimeamka kabla ya adhana, nikala daku la maana nisije nikaanguka mbele za watu: mkate wa kumimina, halwa, tende, chai ya maziwa. Nikanuia, nikaswali, nikavaa. Rajabu ni mwezi wa kufunga sunna, kwa hiyo thawabu yangu ipo hata kama hao zahanati hawana maana.

“Umefunga, Mama?” nesi kaniuliza.

“Nimefunga, alhamdulillahi.”

Akatoa damu chupa nne. Nne, na kila moja na kifuniko cha rangi yake, kama vile wanauza perfyumu. Nikamuuliza nne za nini. Akasema hii ya sukari, hii ya wekundu, hii ya mafuta na figo, hii ya akiba. Ya akiba! Damu yangu mie iwe akiba ya nani?

Lililonikera khasa ni la mwisho. Amemaliza kunifunga pamba, akanipa boksi la juisi na biskuti. “Kunywa sasa, Mama.” Nimemwambia kwa kinywa changu kuwa nimefunga, na yeye mwenyewe Muislamu, kajifunga mtandio. Nikamrudishia juisi yake nikamtazama sana. Akababaika. Nimefuturu magharibi nyumbani kwangu.

Rajabu 17, Jumanne

Majibu. Sukari juu. Mafuta juu. Figo nzuri, ini zuri. Wekundu wa damu “chini kidogo, tutauangalia.”

“Ulikuja saaima kweli?” Daktari Loai kaniuliza.

“Unaniuliza mie saumu yangu?”

Akaomba radhi, akasema turudie, labda ni makosa ya siku moja. Khulood alikuwepo, kaomba ruhusa kazini kwake Ghala makusudi. Tukiwa tunatoka akaipiga picha karatasi yangu kwa simu yake, mara mbili. Nikamuuliza ya nini. “Ya kumbukumbu tu, Mama.” Damu ni yangu na karatasi ni yangu, kumbukumbu iwe kwake.

Rajabu 18, Jumatano

Nimezungumza na Bi Noof kwa simu. Huyu ni mwenzangu tangu wizarani, meza yake na yangu zilikuwa ubavu kwa ubavu, na hajapata kuniogopa. Nimemweleza yote.

“Shemeji yangu walianza naye hivyo hivyo,” kasema. “Leo sukari, kesho presha, keshokutwa moyo. Alikwenda anatembea, sasa ana mfuko wa dawa mkubwa kuliko mkoba wangu. Sayyida, ukishaandikwa mgonjwa hufutwi.”

Nilikuwa nikidhani mambo haya nayaona peke yangu.

Rajabu 22, Jumapili

Nimerudia kupima. Daku la leo nimelizidisha, kwa sababu juzi nilihisi kizunguzungu nikipanda ngazi za zahanati. Mayai, maandazi, halwa tena, uji wa ngano wenye asali. Nikenda nimeshiba na saumu yangu kamili.

Safari hii wakataka chupa tatu. Moja ya sukari ya leo, moja ya sukari ya miezi mitatu, sijui damu inakumbukaje miezi mitatu, na moja kuangalia madini ya chuma. Nikashusha mkono wa baibui. Nikasema mmenitia hofu ya sukari, chukueni ya sukari, nyengine hamchukui. Nesi akatoka, akarudi na Daktari Loai, naye kanisihi weeee. Sikukubali.

Juisi hawakunipa leo.

Rajabu 25, Jumatano

Sukari imepanda zaidi. Nimeandikiwa vidonge vikubwa, vya kumezwa na ng'ombe. Sinan kavinunua dukani pale pale chini, jengo moja na zahanati. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini humu ndani mwenye macho ni mie peke yangu.

Rajabu 27, Ijumaa

Vidonge viwili, asubuhi na jioni, kwenye chungu cha mrehani. Mrehani haujambo.

Shaabani 3, Alkhamisi

Leo nimetaka kwenda mjini Maskati kumtazama mgonjwa, nikakuta funguo za gari langu hazipo msumarini. Khulood anazo mkobani.

“Nitakupeleka mie, Mama. Daktari kasema ukianza dawa ya sukari unaweza kuona giza.”

“Daktari kakwambia wewe?”

“Nilimpigia.”

Nimekwenda naye. Njia nzima ya ukingo wa bahari niligeukia dirisha. Nilikuwa nafikiri. Mtu akishaitwa mgonjwa humu duniani, neno lake nalo linakuwa la mgonjwa. Akisema wali hauna chumvi, ni ugonjwa. Akisema nataka kwenda, watu wanatazamana. Nyumba hii kaijenga marehemu Marhoon, mume wangu, na tangu kafa kauli ya humu ni yangu. Nani anayeitaka kauli hiyo? Nimemtazama Khulood kwa pembeni, anaendesha kwa mikono miwili, midomo kaibana. Miaka minane kaolewa humu, hajapata kuninyanyulia sauti. Mtu asiyenyanyua sauti huwezi kujua anawaza nini.

Shaabani 9, Jumatano

Wanasema Kizungu mezani wakitaka nisisikie. Wamesahau nimepiga taipu Kizungu miaka ishirini. Wamesema: tusimtishe. Wamesema: ngoja kwanza daktari. Nimeendelea kula samaki wangu.

Shaabani 15, Jumanne

Nimefunga nisfu Shaaban. Sikuanguka. Nimepika futari mwenyewe, ila nilikaa kwenye kiti kukaanga sambusa. Miguu.

Shaabani 22, Jumanne

Sasa wamefika walikokuwa wakienda. Daktari Loai kasema mwaka huu nisifunge Ramadhani.

Kasema sukari ya mara mbili iko juu, kipimo cha miezi mitatu nimekikataa, dawa nimeanza karibuni, na yeye hawezi kunipa ruhusa gizani. Kasema dini imempa ruhusa mgonjwa. Kama kwamba mie dini nimeisikia kwake.

Sijapata kula mchana wa Ramadhani pasi na udhuru tangu utoto wangu Unguja. Nilifunga nikiwa mgeni hapa sina mtu. Nilifunga mwaka aliokufa Marhoon. Nimeondoka pale sikumuaga mtu, nikaingia garini nikalia, na Khulood akanyoosha mkono anishike bega nikausukuma.

Shaabani 25, Ijumaa

Naandika haya yote kama yalivyokuwa, maana leo kumetokea jambo.

Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa mezani watatu. Mwanakheri, binti wa Tanga anayetusaidia kazi, kaweka biriani akaenda zake kuswali. Sinan akaanza na uso wake wa upole.

“Mama, tumefikiri. Ramadhani hii utatoa fidia, utalisha maskini. Thawabu ni ile ile.”

“Tumefikiri, nyinyi na nani?”

“Mie na Khulood.”

“Basi Khulood ndiye kadhi siku hizi.” Nikaweka kijiko. “Nawaambia leo mbele ya chakula cha Mungu. Mnataka niwe mgonjwa. Funguo mshachukua. Karatasi mshapiga picha. Mnakwenda kwa daktari kwa mlango wa nyuma. Bado saumu yangu, na hiyo nayo mmeifikia.”

“Mama, hakuna anayetaka uumwe,” kasema Khulood.

“Nimekwenda kwenu huko kupimwa mara mbili, na mara zote mbili nimefunga mpaka magharibi, sikuanguka. Nitashindwaje Ramadhani?”

Khulood akaacha kula. “Mpaka magharibi?”

“Mpaka magharibi. Hata ile juisi yao niliwarudishia.”

“Ulifunga vipi, Mama?”

“Nilifunga vipi! Kufunga kuna namna ngapi? Nikaamka, nikala daku, nikanuia, nikaswali, nikenda.”

Sinan kafunga macho.

“Daku,” kasema Khulood polepole. “Ulikula nini?”

“Chakula cha mtu. Mkate wa kumimina, halwa, tende, chai ya maziwa. Mara ya pili nikaongeza uji wa asali, maana mara ya kwanza nilihisi kizunguzungu.”

Mwanangu akalaza paji la uso juu ya meza, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mwanaharamu, nisamehe Mola, ni wangu mwenyewe.

Khulood hakucheka. Kanieleza. Kufunga kwa daktari si kufunga kwa Mungu. Kwa daktari ni kulala na njaa tangu jioni, usile kitu mpaka watoe damu, lakini maji unakunywa. Halafu wakishatoa unakula, ndiyo ile juisi. Wanataka kuiona sukari ambayo mwili wenyewe unakaa nayo ukiwa haujalishwa. Mie nimewapelekea sukari ya halwa, imetoka chunguni saa mbili kabla.

“Sasa kwa nini hawakusema?” nikauliza. “Nesi kasema saaima. Mie Muislamu, yeye Muislamu. Ukimwambia Muislamu aje amefunga, atafanya nini?”

Sinan kainua kichwa, machozi ya kicheko yanamtoka. “Wallahi, Mama, una haki.”

Una haki. Neno hilo sijalisikia humu ndani tangu mwezi wa Rajabu uingie. Nimekula biriani sahani mbili.

Shaabani 27, Jumapili

Nimepima upya. Jana usiku sikula baada ya isha, leo asubuhi nimekunywa maji tu. Nimemwambia yule nesi mbele ya watu: mkimwambia mtu mzima aje saaima, mwelezeni ya nani. Akasema tangu aanze kazi watu wanaambiwa hivyo hivyo na hakuna aliyelalamika. Nikamwambia huenda wote wamekula daku.

Chupa zote nimewapa, hata ya miezi mitatu. Nilitaka washindwe kabisa.

Shaabani 30, Jumatano

Wameshindwa. Sukari nzuri. Ya miezi mitatu iko mpakani tu, “punguza halwa.” Mafuta yameshuka. Daktari Loai kaniomba radhi kwa mdomo wake, kasema kosa ni lao, vidonge niache. Sikumwambia kuwa vilishaachwa. Kasema nifunge, Mungu atatakabali.

Alipokuwa bado anasema, akageuza karatasi. “Lakini wekundu wa damu umeshuka tena, Mama. Rajabu ulikuwa chini kidogo. Sasa ni chini zaidi. Nimewaambia maabara waangalie na madini ya chuma kwenye damu hii hii.”

Nikasimama. Nilikuwa nimeshapata nilichokijia. Khulood akabaki nyuma anamuuliza maswali, nikamsubiri kwenye lifti nimechukia.

Jioni mwezi umeandama. Nimempigia Bi Noof, tumecheka mpaka mbavu zinauma. Zahanati nzima, mashine zote zile, zimeshindwa na kikombe cha chai ya maziwa.

Ramadhani 1, Alkhamisi

Nimefunga.

Ramadhani 4, Jumapili

Nimefunga. Tarawehe nimeswali kwenye kiti. Joto limeanza mapema mwaka huu.

Ramadhani 8, Alkhamisi

Khulood tena. Nilikuwa naviringisha kababu, kaja kasimama mlangoni.

“Mama, sukari umeshinda. Kweli umeshinda. Lakini ule wekundu haujali umekula nini. Daku, halwa, vyote haviugusi.”

“Sukari imekushinda, sasa umeshika damu?”

“Mama, jana ulisimama katikati ya ngazi.”

“Nimefunga. Nna umri. Ngazi ni ndefu.”

“Ngazi ni zile zile,” kasema, akaenda zake.

Hajapata kunijibu hivyo. Nimechoma kababu mbili kwa hasira.

Ramadhani 11, Jumapili

Zahanati wamepiga simu. Madini ya chuma hayapo, yamekwisha. Sinan kanipeleka kwa maneno matamu. Daktari Loai mara hii hakuleta gari, kaleta tangi.

“Tangi la maji juu ya paa likipungua, na hakuna aliyefungua bomba, kuna pahala panavuja. Mwanamke kijana anapoteza damu kila mwezi, tunajua. Wewe huna hesabu hiyo tena. Chakula chako kizuri. Sasa inakwenda wapi?”

Akaniuliza mambo ya chooni. Kijana yule, mbele ya mwanangu. Nimemwambia choo changu ni changu. Akasema anataka niende hospitali kubwa ya serikali wanitie kamera ya matumbo, na isingoje. Nikamwambia baada ya Idi, na pengine baada ya Idi pia sitakwenda. Mara ya kwanza mliapa kuwa nna sukari, nikasema. Mlikuwa na karatasi, mlikuwa na namba. Karatasi ilikuwa ya uongo.

“Karatasi haikusema uongo,” kajibu. “Ilisema kweli juu ya halwa.”

Anajua kusema, huyu.

Ramadhani 13, Jumanne

Bi Noof kasema kamera ndiyo mwisho wa mtu, wakishaingia hawatoki mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza nimemkatiza simu mapema. Nilikuwa sina pumzi ya kuzungumza.

Ramadhani 19, Jumatatu

Mwanakheri kasema, “Bibi, umekuwa mweupe.” Nikamwambia ni poda. Sikupaka poda.

Ramadhani 24, Jumamosi

Sikusimama kuswali adhuhuri. Nilijaribu, nikakaa. Nikaswali nimekaa, na nilipotoa salamu nikamwona Khulood kakaa nyuma yangu kwenye zulia, sijui tangu saa ngapi.

Nikamwambia, sema, najua umekuja kusema.

“Mama yangu alikuwa hivi,” kasema. “Anapanda ngazi, anasimama. Anakuwa mweupe. Tukasema Ramadhani. Tukasema joto. Tukasema uzee, na alikuwa mdogo kuliko wewe. Hatukumpima, kwa sababu hakuumwa pahala. Tulipompeleka daktari akatuuliza, mlikuwa wapi mwaka mzima?”

Nilijua mama yake alikufa kwa tumbo. Watu walisema tumbo, nikasema inna lillahi, nikala wali wa azaa pale msibani kwao nikarudi nyumbani. Zaidi ya hapo sikuuliza.

“Basi wewe ndiye uliyesema nikapimwe. Si Sinan.”

“Mie. Nilikuona mwezi wa Rajabu unashika ukuta ukitoka bafuni. Sinan hakuona. Nikamwomba akwambie yeye, maana nikikwambia mie utasema nna langu jambo.”

Na kweli ningesema. Nimelisema mwezi baada ya mwezi, hapa hapa, kwa mkono wangu. Picha za karatasi zile, alikuwa akiulinganisha wekundu wa mara ya kwanza na wa pili. Funguo ni kwamba alikuwa anaogopa nitazimia barabarani. Mie niliyaona yote aliyoyafanya, hata moja halikunipita, na nikayasoma kichwa chini miguu juu.

Lakini pia nisijidanganye kuwa nimekuwa mwema mchana mmoja. Nikamtazama nikafikiri: na kama anasema haya ili niende? Sijui kuacha. Nimemwambia nitakwenda baada ya Idi, kwa sharti moja. Watakachokiona huko, asije Sinan na uso wake wa upole. Aje yeye, aniambie, bila ya kupunguza wala kutia sukari.

“Naahidi,” kasema.

Kesho sifungi. Nimeamua mwenyewe, hakuna aliyenikataza.

Mfungo Mosi 1, Jumamosi

Idi. Watu wengi. Nimekaa kwenye kiti kama Bi Harusi, watoto wanakuja kubusu mkono. Bi Noof kaja, kanitazama, safari hii hakusema neno juu ya madaktari.

Mfungo Mosi 9, Jumapili

Hospitali wamenipa Jumatano. Nesi wa kule kanieleza mwenyewe, bila ya kuulizwa: chakula kigumu basi, maji kunywa kwa wingi, na dawa ya kusafisha tumbo ambayo sitaki kuielezea kitabuni. Khulood kaandika yote. Nimemwacha aandike.

Nnaogopa. Hilo nalo naliandika.

Mfungo Mosi 12, Jumatano

Naandika kitandani, mkono una sindano, mwandiko utakuwa mbaya.

Walinilaza, wakanichoma, nikalala usingizi mzuri ambao sijaupata tangu baridi. Nilipoamka pazia lilikuwa nusu. Sinan, Khulood na daktari wa huku walikuwa wamesimama dirishani, wanasema Kizungu kwa sauti ya chini. Nikamwona mwanangu anashika ukingo wa dirisha. Sikuyanyoosha masikio yangu, wallahi, na hilo si kawaida yangu.

Khulood akawaacha pale pale. Akaja, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akanishika mkono usio na sindano.

“Mama, wamekuta uvimbe. Wamekata kipande wamepeleka maabara. Daktari anasema kwa macho yake haupendi. Utafanyiwa operesheni, wiki hii au ijayo. Anasema hatukuchelewa sana. Hakusema hatukuchelewa. Nimekwambia kama alivyosema.”

Nikamtazama usoni. Msimu mzima nimeutafuta uongo katika uso ule, nikauona kila siku, hata ulipokuwa haupo. Leo nimeutafuta tena, machoni, mdomoni, taratibu, na mara hii nilikuwa nautaka. Nilimwomba Mungu niuone, hata kidogo tu.

Sikuuona.